UZI: Sekondari ya umma ya Marekani, mzazi ukikaa kimya wanaandika "hana swali"

#1 Binti_Handeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo naliandika. Ninaishi Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako theluji inaweza kuanza Novemba na Aprili bado unaikanyaga. Watu wake hawafiki elfu arobaini. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, kazi yangu ukalimani: hospitali, mahakamani, na zaidi ya kote shuleni. Mara nyingine ni uso kwa uso, mara nyingine kwa simu na shule za mbali.

Hivi karibuni niliitwa kwenye kikao cha mzazi. Shule siitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha, maana kiapo cha kazi yetu ni kufunga mdomo. Meza ya duara, viti vinne, boksi la tishu katikati. Baba amevaa koti na tai, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa, na huko nje ni tope la theluji hadi kwenye vifundo vya miguu. Mshauri wa wanafunzi akamsogezea karatasi ya matokeo ya kijana wake: miaka 18, krediti 5. Akamuuliza kupitia kwangu kama ana swali lolote. Baba akakutanisha viganja, akasema kwa heshima zote: "Sisi tumekwisha mkabidhi kwenu. Mwalimu ndiye mzazi."

Nikatafsiri neno kwa neno, kama inavyonipasa. Nikaiona kalamu ya mshauri ikiandika kwenye fomu: mzazi hana swali.

Iliniuma sana. Kwetu sisi, maneno ya yule baba ndiyo heshima ya mwisho unayoweza kumpa mwalimu. Kwenye ile fomu yakawa kimya. Na mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake, kwa hiyo yale niliyoyameza siku ile nayasema hapa, kwa ajili ya kila mzazi aliyefika au anayekuja.

Sekondari ya umma hapa ina miaka minne, gredi ya 9 mpaka ya 12. Huna ada ya kulipa, vitabu unaazimwa, basi la njano linampitia mtoto asubuhi. Hapa Maine hata chakula ni bure kwa kila mwanafunzi, awe mtoto wa daktari au wa mfagizi. Sheria ilipitishwa 2021 na ikaanza kutumika 2022, Maine na California wakiwa wa kwanza nchini. Fedha nyingi za shule zinatoka kwenye jimbo na kwenye kodi ya majengo ya mji wenyewe. Wewe mpangaji usijione mgeni mwalikwa, kwa sababu kodi ile ya jengo iko ndani ya kodi ya nyumba unayolipa kila mwezi.

Sasa jambo linalowaumiza watu wetu. Hakuna NECTA. Hakuna KCSE wala Examen d'État ya Kongo. Hakuna mtihani mmoja wa mwisho ambao kijana aliyechezea miaka mitatu anaweza kuukesha usiku na kujikomboa. Kila somo unalofaulu linakupa krediti, na krediti zinahesabiwa tangu wiki ya kwanza ya gredi ya 9. Shule nyingi zinadai ishirini na kitu ndipo upate diploma, yaani cheti cha kumaliza sekondari. Sheria ya Maine inataka walau miaka minne ya Kiingereza, miwili ya hisabati, miwili ya sayansi, miwili ya historia na maarifa ya jamii, na mmoja wa sanaa. Wilaya zinaongeza yao juu yake. Somo ulilofeli Novemba halifutiki kwa sababu umekuwa hodari Mei.

Na kuna saa inayotembea. Maine inampa kijana haki ya kuingia shule ya bure ikiwa hajatimiza miaka 20 mwaka wa masomo unapoanza. Akishatimiza, mlango huo unafungwa, hata kama amebakiza krediti mbili. Majimbo mengine yana umri wao, uliza wa kwako.

Yule kijana wa krediti 5 ana 18. Pigeni hesabu wenyewe.

Naombeni maswali. Nikiwa sina jibu nitasema sina.

---

#2 Kocha_wa_Mchangani

Mkuu, shukrani kwa uzi mzito. Lewiston hii si ndiyo ile ya timu ya shule iliyobeba ubingwa na vijana wa Kisomali? Nilisikia walikuwa wanaimba Kiswahili uwanjani. Ukipata muda tupe hiyo habari.

---

#3 Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nimefundisha miaka thelathini na tatu, Kilosa na Mvomero, na maneno ya yule baba nimeyasikia mara nyingi mno. Mzazi akinikabidhi mtoto namna ile nilikuwa silali. Niliona nimepewa dhamana.

Ndiyo maana napata shida na mfumo huu unaouelezea. Mwalimu anajua somo, anajua mtoto kakwama wapi. Mzazi aliyetoka kambini, pengine hajui kusoma, anatakiwa aulize nini? Je, si kumtwisha mzigo ambao ni wa shule? Na jingine: kama hakuna mtihani wa taifa, nani anajua kwamba diploma ya mji huu mdogo inalingana na ya mji mwingine?

---

#4 Binti_Handeni

Shikamoo mwalimu wangu. Swali lako ni la haki, nitaanza na la mwisho.

Hakuna anayejua kwa uhakika kama unavyojua wewe ukishika cheti cha kidato cha nne. Elimu Marekani ni mali ya majimbo na miji. Miji mingi ina bodi ya shule inayochaguliwa kwa kura, nayo ndiyo inayoajiri mkuu wa shule za mji na kupanga bajeti. Vyuo vinaangalia wastani wa alama wa miaka yote minne, masomo gani kijana aliyachukua, na barua za walimu. Hapo kwenye "masomo gani" ndipo pana mtego. Vijana wawili wote wana krediti za hisabati, mmoja amefika aljebra ya pili, mwingine amezungushwa kwenye hisabati za kujikimu. Diploma zao zinafanana ukutani, lakini yule wa pili akitaka uhandisi ataanza nyuma sana. Nani alimpangia? Mara nyingi hakuna aliyemwonea. Alipangiwa siku ya kwanza alipokuwa hajui Kiingereza, na hakuna aliyerudi kuuliza kama sasa anakijua.

Kuhusu mzigo, nakubaliana nawe kwamba ni wa shule. Sheria yenyewe inasema hivyo. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka kwa watoto wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba kumkalisha mtoto darasani bila kumsaidia lugha si kumpa elimu sawa. Mwaka 1982, kwenye kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Zile zilikuwa kura 5 kwa 4, mwalimu. Kura moja tu.

Lakini mshauri mmoja anakuwa na wanafunzi mia mbili, mia tatu. Simu zinazomlilia ndizo anazozipokea kwanza. Wazazi wenyeji wanapiga, wanaandika barua pepe, wanaomba mtoto abadilishiwe darasa, na hakuna anayewaona wakorofi. Kwetu mzazi anayekwenda shuleni mara kwa mara anaonekana anamdharau mwalimu. Huku anaonekana anamjali mtoto. Hilo ndilo ninalotaka wazazi wetu walijue kabla hawajavuka hiyo bahari.

Na asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali mawili tu: "Amebakiza krediti ngapi, na zipi?" na "Kwa umri wake, atazimaliza lini?" Hayo hayahitaji shule.

---

#5 Baba_Uvira

Jambo mama Binti. Niko hapa hapa Maine, upande wa Portland. Tulifika 2019, ule wakati watu wengi wa Kongo na Angola walilazwa kwenye ukumbi wa michezo pale mjini, vitanda vimepangwa kwenye sakafu ya mpira wa kikapu. Watu wa mji walituletea chakula na nguo, hilo sitasahau.

Shida yangu ni kijana wangu mkubwa. Yeye hakuja nasi, alikuja nyuma na shangazi yake kupitia kambini. Kule kambini waliandika kazaliwa 1 Januari. Mama yake na mimi tunajua alizaliwa mwezi wa kumi, mvua zimeanza, niliwahi kliniki kwa miguu. Karatasi yote ya kwake inasema Januari. Kwanza nilifikiri ni jambo dogo, miezi tisa ni nini? Sasa nasoma hii habari ya miaka 20 na roho inaruka. Pia buletini zake za shule ya kule, yaani ripoti za matokeo, nilizitunza, ziko kwa Kifaransa. Shule haijawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kuzipeleka.

---

#6 Binti_Handeni

Baba, asante kwa kuliweka wazi, maana hili la 1 Januari liko kwenye nyumba nyingi. Ukienda ofisi yoyote inayohudumia wakimbizi utadhani watu wetu wote walizaliwa siku ya mwaka mpya. Aliyekosa cheti aliandikiwa tarehe hiyo, basi.

Miezi tisa inaweza kula mwaka mzima. Angalia: shule hufunguliwa mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Kijana wa karatasi ya Januari, Septemba ile ameshatimiza 20, mlango umefungwa. Kijana yuleyule kwa tarehe ya kweli ya Oktoba bado ana 19, anaingia darasani na anaumaliza mwaka wote. Mwaka mmoja ni krediti sita au saba. Ndiyo tofauti ya diploma na kukosa diploma.

Ila nakuomba usikimbilie shuleni kubadilisha tarehe peke yake. Karatasi ya shule ikipingana na ya uhamiaji unaweza kuamsha tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Mwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, yapo mashirika yanayosaidia bila malipo au kwa kidogo.

Zile buletini, zipeleke wiki hii. Masomo aliyofaulu kule yanaweza kuhesabiwa krediti, lakini shule haiwezi kuhesabu kitu kisichoonekana. Nimeona watoto wa Nyarugusu waliosoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa na watoto wa Kakuma waliosoma mtaala wa Kenya wakianzishwa sifuri kwa sababu karatasi zilibaki kwenye begi chini ya kitanda. Omba kwa maandishi zitafsiriwe na zipitiwe.

Uliza pia habari ya ufundi. Lewiston kituo cha ufundi cha eneo kipo palepale kwenye sekondari, na vijana wa shule za jirani huletwa kwa basi. Asifikirie ni mahali pa walioshindwa. Kijana anatoka na diploma na mkononi ana kazi.

Na ikitokea umri umempita, bado kuna elimu ya watu wazima, hizo shule za jioni. Diploma ipo, inachukua muda na ni vigumu kuichanganya na kazi ya usiku, lakini ipo. Maine tangu 2022 ilianza kuwalipia ada ya vyuo vya jamii waliomaliza sekondari kuanzia 2020, kwa hiyo kufika mwisho wa sekondari kuna thamani zaidi ya karatasi.

---

#7 Mama_Mapacha

Hodi jamani. Mimi ni Mkenya, niko jimbo lingine, shule sitaitaja.

Mwaka wa kwanza niliitwa shuleni kuhusu mwanangu wa gredi ya 10. Kiingereza ninacho cha kuelewana sokoni, lakini lafudhi ya yule mama sikuishika hata kidogo. Wakamwita mwanangu mwenyewe anitafsirie. Nikaambiwa, "Mama, anasema niko sawa tu, niendelee hivyo hivyo." Nikafurahi, nikamshukuru yule mama, nikamshika mkono. Miezi minne baadaye barua ikaja nyumbani, nikampa jirani anisomee. Mtoto alikuwa amekosa shule siku ishirini na tatu.

Sikumpiga. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyomshika yule mama mkono na kutabasamu, naye aliona mzazi anayetabasamu wakati mtoto anapotea.

Mwambieni kila mtu: msikubali mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

---

#8 Binti_Handeni

Pole sana dada. Umesema yote.

Niongeze hili tu. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ndiyo inayozifanya shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwafikie wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mkalimani humlipi wewe. Useme neno moja kwenye simu, hata kwa Kiingereza kibovu: "Swahili interpreter, please." Halafu subiri kwenye laini, usikate. Ukisema "Swahili" na unayeongea naye akakuletea Msomali au Mfaransa, mwambie siyo, anza upya. Wewe wa Bukavu ukiletewa mimi wa Handeni na kuna neno langu hulielewi, niambie, sitakasirika. Kiswahili chetu ni kimoja lakini mitaa ni mingi.

Na mtoto akifika miaka 18, haki ya kuona kumbukumbu zake za shule inahamia kwake kisheria. Wazazi wengi wanashtuka wakiambiwa hivyo dirishani. Kaa naye mapema mkubaliane, atie sahihi uendelee kupata ripoti.

---

#9 Kocha_wa_Mchangani

Nasoma kimya kimya na najifunza. Ila dada, deni langu la mpira bado.

---

#10 Binti_Handeni

Deni nalilipa, na nitaanza mbali kidogo maana mpira wenyewe hauna maana bila historia ya mji.

Lewiston imejengwa kwenye maporomoko ya mto Androscoggin. Karne ya 19 maji yale yaliendesha viwanda vya nguo, kile kikubwa kikiitwa Bates. Wafanyakazi walishuka kwa treni kutoka Quebec, Wakatoliki, Kifaransa ndicho walichokuja nacho. Mwaka 1919 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia kufundisha kwa Kifaransa katika shule za umma. Wazee wa hapa bado wanasimulia walivyoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao kwenye uwanja wa shule. Waliosoma kwetu enzi za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema kilugha wanaielewa habari hiyo bila mkalimani.

Viwanda vikafa, vijana wakahama, maghorofa ya mbao ya katikati ya mji yakabaki matupu. Mwaka 2001 familia za Kisomali zikaanza kuingia, nyingi zikitokea miji mikubwa ya Marekani, zikitafuta nyumba nafuu na usalama wa watoto. Baada ya mwaka na kitu walikuwa wamefika kama elfu moja na mia moja. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond akawaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wapunguze ujio wa wenzao, kwamba mji umeelemewa. Barua ile ilizunguka dunia. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kufanya mkutano, wakajitokeza watu wachache tu. Siku hiyohiyo watu wapatao elfu nne walijaa chuo cha Bates kuwaunga mkono Wasomali, kwenye baridi ile ya Januari.

Watoto wa miaka ile ndio walioingia sekondari. Kocha Mike McGraw alikuwa amekaa na timu ya mpira ya Lewiston High School zaidi ya miaka thelathini bila kuonja ubingwa wa jimbo. Akapata vijana waliocheza mpira wa makaratasi Dadaab na Kakuma. Kambi zile ziko Kenya, Kiswahili wamekiokota huko, na wengine nyumbani walikuwa wanasema Kisomali, wengine Kimaay, wengine Kizigua. Kwenye duara kabla ya mechi wakawa wanaitana "Pamoja ndugu!" Ndiyo, hivyohivyo, kwa Kiswahili, na wachezaji wazungu ndani ya duara wakiitikia. Mwaka 2014 walifika fainali wakafungwa. Mwaka 2015 hawakupoteza mechi hata moja, walifunga mabao 113 wakafungwa 7, na fainali wakaichukua kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Scarborough, shule ya mji wenye kipato kikubwa zaidi. Wakarudia ubingwa 2017 na 2018.

Kinachonigusa mimi si kikombe. Mchezaji wa timu ya shule hapa lazima awe anafaulu masomo, la sivyo anakaa nje. Kwa hiyo mpira ukawavuta kwenye krediti. Kina mama ambao hawajawahi kuingia ofisi ya shule wakaanza kuja uwanjani, wamejifunga mablanketi juu ya baibui, chai ya tangawizi kwenye chupa. Nimewahi kukaa kwenye ngazi zile za bati, mbele yangu mama wa Kikongo anaongea Kifaransa na mzee mwenyeji wa miaka themanini, Kifaransa cha Quebec cha bibi zake. Kila mmoja alikuwa anamrudisha mwenzake nyuma, "Sema tena?", na hawakuachana mpaka filimbi ya mwisho.

Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliua watu 18 katika mji huu, kwenye ukumbi wa bowling, ule mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini, na kwenye baa. Siku mbili tulijifungia ndani, mapazia yamefungwa, na sisi tuliokimbia vita tulijua namna ya kukaa kimya usiku. Shule zikafungwa. Tarehe 1 Novemba sekondari ya Lewiston ikacheza futiboli ya Kimarekani na jirani zao wa Auburn, ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa shule. James Taylor, mwanamuziki yule mkongwe, alikuja akaimba wimbo wa taifa kabla ya mechi. Mji wote ulikuwepo. Mchezo ule siuelewi mpaka leo, lakini nilisimama pamoja nao.

---

#11 Mjukuu_wa_Chogo

Dada Binti umesema Kizigua nimeshtuka. Mimi niko Handeni, familia yangu ni wa makazi ya Chogo. Bibi zetu walirudi Tanzania wakitokea Somalia wakati wa vita, serikali ikatupa ardhi na uraia. Wengine wa ukoo walibaki Kenya kambini, wakapelekwa Marekani. Kwa hiyo hao wa Lewiston ni wale wale?

---

#12 Binti_Handeni

Ni hao hao, ndugu yangu. Wazigua na wenzao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya kwetu karne ya 19, wakavushwa mpaka bonde la mto Juba, na lugha wakaihifadhi huko vizazi na vizazi. Marekani ilianza kuwapokea 2003 wakitokea Kakuma, na wengine baadaye wakahamia hapa.

Wiki yangu ya kwanza kazini, kwenye korido ya shule, kando ya makabati ya wanafunzi, bibi mmoja aliniomba maji. Nilikuwa nimeitwa kutafsiri Kiswahili, yeye akaniomba kwa Kizigua, matamshi ya bibi yangu mzaa mama kabisa, ambaye hakuwahi kutoka Handeni maisha yake yote. Nilimletea maji kwenye kikombe cha karatasi na mkono unatetemeka. Alikunywa, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia, akaniambia jina hilo bibi yake alikuwa analitaja.

Alikuja kuuliza kama mjukuu wake atamaliza. Alimaliza.

---

#13 Mwalimu_Mstaafu

Nimerudi kusema kitu kimoja. Nilisema kumtaka mzazi aulize ni kumtwisha mzigo. Nimekaa na habari ya Mama Mapacha na mtoto aliyejitafsiria. Nami katika miaka yangu yote, wazazi walionikabidhi mtoto na kuondoka, wangapi kati yao nilidhani wameridhika? Sikuwahi kuwauliza mara ya pili. Nilikuwa naandika "ameelewa."

Nitamwambia binti yangu aliye Ohio asome uzi huu leo.

---

#14 Baba_Uvira

Narudisha habari.

Mwanasheria nimepata, shirika la bure, miadi ni mwezi ujao, wamesema nilete cheti cha ubatizo cha kijana na mtu wa kushuhudia. Shangazi yake atakuja.

Shuleni nimeenda Alhamisi. Nilisema yale maneno kwenye simu nikasubiri, dakika kama kumi na mbili, sikukata. Mkalimani alikuwa mama wa Goma, tulielewana bila shida. Nilipeleka zile buletini kwenye bahasha ya kaki. Yule mshauri alizishika moja moja, akaniuliza "physique" ni gani na "chimie" ni gani, akasema zitapelekwa kutafsiriwa, na kwamba zikikubaliwa kijana anaweza kupata krediti nne, labda tano.

Kisha akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya risiti ya dukani ili nisisahau. Amebakiza ngapi, na zipi. Kwa umri wake atamaliza lini. Hisabati aliyomo ni ile ya chuo au ya kujikimu. Kwa nini bado yuko darasa la Kiingereza la kuanzia wakati nyumbani anatusomea barua zote.

Alianza kuandika kwenye fomu. Upande wa mbele ukajaa, akaigeuza.